Upana wa Vidole Viwili

3 Februari

Shemeji Fundi,

Habari za huko, na habari za dada yangu ambaye umekuwa ukimlisha vumbi la mbao tangu siku ya harusi. Mimi ni mzima, ila sauti imenikauka kwa kupiga domo sokoni.

Kaa chini kwanza. Mizinga ya nyuki imekwisha sokoni, yote. Ule uliotengeneza kwa mlango wa bweni, wenye maandishi GONGA KABLA YA KUINGIA, ndio uliogombaniwa kuliko yote. Nilikuambia usiyafute hayo maandishi, ukanibishia, ukasema nyuki hawajui kusoma. Wanunuzi wanajua. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji ndiye aliyeuchukua. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniuliza ninaweza kumpatia mingapi zaidi. Nikamwambia, mama, shemeji yangu huko ni kiwanda.

Wanataka mizinga ya kujaza shamba zima. Kikundi hiki kikiridhika, vingine vyote vitafuata, maana akina mama hawa wakisifu kitu mji mzima unasikia. Kwa hiyo naendelea kununua mbao za lile bweni linalobomolewa: milango, sakafu, vitanda. Ni mbao za zamani, ngumu, mchwa wanazipita mbali. Dereva wa lori atakuwa anakuletea mbao na kurudi na mizinga, na barua zetu zitakwenda naye. Yako uwe unaiweka ndani ya mzinga, kwa sababu huyu dereva karatasi yoyote akiiona anafutia kioo.

Shemeji, safari hii sitaki kuharibu. Unajua nilivyoiangusha biashara ya kuku, na jinsi nilivyoondoka bila kumuaga mtu. Nataka dada aache kunitazama kama chungu chenye ufa.

Shemeji yako,
Mzee wa Vifusi


10 Februari

Mzee wa Vifusi,

Barua nimeipata. Dada yako ameisoma kwa sauti mpaka majirani wamejua kwamba mimi ni kiwanda. Kiwanda chenyewe kina fundi mmoja, mke wa kumshikia ubao upande wa pili, na kuku anayetaga kwenye maranda.

Mbao ni nzuri. Nikizikata, harufu inatoka kana kwamba mti umeangushwa jana. Lakini misumari, shemeji! Mlango mmoja tu umenipa misumari ya kujaza kikombe. Mingine imekatika vichwa na kujificha chini ya rangi, huioni, unaigusa tu. Tuligawana kazi: wewe unang'oa misumari huko, mimi napima na kukata huku. Msumeno wa mashine hauna urafiki na chuma. Kabla hujapakia, pitisha kiganja kwenye kila ubao, pande zote, polepole, kama unavyompapasa mtoto mwenye homa. Ukihisi kitu, ng'oa. Ukiona doa la kutu hata kama huhisi kitu, chimba.

Dereva ameniambia unauliza kama nataka futi mpya ya kupimia. Sitaki. Futi ni ya makabati. Pau za juu, zile ambazo nyuki huning'inizia masega, nazipima kwa vidole viwili, hiki cha shahada na cha kati, vikiwa vimebanana. Ndivyo alivyonifundisha fundi wangu. Alinishika mkono, akautazama, akaniambia nina bahati, nimezaliwa na vidole vya nyuki. Pau ikilingana na vidole hivi, kila sega hukaa kwenye pau yake, na mwenye mzinga huinua moja moja bila ugomvi. Ikizidi au ikipungua, nyuki hujijengea wanavyotaka wao. Hao akina mama wakikuuliza siri ya mizinga yetu, waambie iko mkononi kwa fundi na haiuzwi.

Kuhusu kuku, hakuna anayekutazama hivyo. Dada yako hakuumia kuku walipokufa. Aliumia ulipotoweka. Ukikosea tena, kosea ukiwa hapa.

Fundi


17 Februari

Shemeji,

Naandika juu ya boneti ya lori, dereva anapiga honi, na wingu limetanda huku si mchezo. Mwenyekiti ameongeza mizinga mingine! Nimepakia vitanda vyote vya bweni, mbao za rangi ya bluu, safi sana. Misumari yote nimeitoa. Nimepapasa kila ubao, hata huyo mtoto mwenye homa hapapaswi hivi. Weka msumeno bila wasiwasi.

Kiwanda kisimame imara!

Mzee wa Vifusi


9 Machi

Mdogo wangu,

Usishangae kuona mwandiko wangu. Shemeji yako kazi imembana, kalamu hajaishika siku hizi. Mizinga hii ndiyo iliyokuwa tayari. Najua imechelewa, utuvumilie.

Mbao usilete nyingine kwa sasa. Zilizopo zinatosha.

Sisi tunamshukuru Mungu. Wewe unakula? Usiwe unashinda na chai tu. Na dereva usimsumbue kwa maswali, ana safari ndefu.

Dada yako


16 Machi

Dada,

Mizinga imefika salama. Niliipanga mbele ya banda, na kabla sijamaliza kikombe cha chai akina mama walikuwa wameshaanza kuipakia. Mwenyekiti ameona kwamba mzinga wa sasa una pau nyingi kuliko wa zamani. Nikamwambia shemeji amekuwa mkarimu. Ndivyo?

Ila mwambie aniandikie, hata matusi. Fundi huyo akikosa nafasi ya kunitania, basi ama amepata cheo ama amenikasirikia. Nikimuuliza dereva, anajifanya anakagua matairi. Kama nimekosa jambo niambieni. Na mbao ninazo tele, kwa nini nisilete?

Mzee wa Vifusi


27 Aprili

Fundi,

Leo sina utani.

Kikundi kilifungua mizinga ya mzigo wa mwisho kuitazama. Walipoinua pau ya kwanza, sega likakatika katikati. Asali ikamwagika, majana, wale watoto wa nyuki, yakapondeka, nyuki wakatoka wote kwa mpigo. Masega yamejengwa mshazari, moja limeshika pau mbili, jingine tatu. Ukiinua pau yako unararua sega la jirani. Wakafungua mzinga wa pili, hali ni ileile. Wa tatu, ileile. Binti wa mwenyekiti ameumwa mpaka uso umevimba, amelazwa.

Mizinga ya mwanzo haina tatizo hata moja. Ni hii ya sasa tu. Mwenyekiti alikuja bandani, soko limejaa watu, akaniuliza kama nilidhani wao ni wajinga. Pau ni nyembamba, hata mimi nisiye fundi nimeona. Yote hayo wauza mboga wanasikiliza.

Umempa nani kazi hii? Umeokota mtu barabarani? Au umeanza kunywa? Uliniambia siri iko mkononi kwa fundi na haiuzwi. Mbona umeiuza?

Ulijua kabisa jambo hili lina maana gani kwangu. Nataka jibu kutoka kwako, si kwa dada.

Ndugu wa mke wako


4 Mei

Mdogo wangu,

Pole sana, na pole zangu zimfikie mama yule na binti yake. Nimeumia.

Shemeji yako hanywi. Unamjua. Aliugua kidogo. Homa. Mwili umepungua, amekonda mpaka vidole. Ndiyo sababu ya pau kuwa nyembamba. Amepata nafuu. Mizinga tutaitengeneza upya.

Usimwandikie maneno makali. Niandikie mimi.

Dada yako


11 Mei

Dada,

Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu kama mwehu. Vidole vimekonda! Nakujua tangu tukiwa wadogo: ukisema kweli huna breki, ukidanganya sentensi zinakuwa fupi fupi.

Unamficha. Sijui unamfichia nini, ulevi au uvivu au mwanamke, na sitaki kujua tena. Miezi yote hii ameshindwa kuniandikia hata mstari mmoja. Mimi ndiye ninayetukanwa sokoni kwa kazi ya mikono yake. Nilidhani yeye angalau ananiheshimu. Kumbe na yeye ananiona yuleyule wa kuku, mtu wa kupewa kazi mbovu anyamaze.

Nimepata fundi mwingine hapa mjini. Anatumia futi. Mwambie shemeji abaki na vidole vyake.

Ndugu yako


15 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako niliisomea nyuma ya nyumba, kisha nikaitia motoni. Sikutaka shemeji yako aone ile ya kubaki na vidole vyake.

Hana. Cha shahada na cha kati, mkono wa kulia. Ulikuwa ule mzigo uliokuja na barua uliyoandikia juu ya boneti. Ubao wa kitanda, rangi ya bluu, laini kabisa kwa nje. Mimi nilikuwa nimeshika upande wa pili. Msumeno ulilia, ubao ukaruka, mkono wake ukafuata. Ndani mlikuwa na msumari usio na kichwa. Nimeuweka kwenye kopo la majani ya chai, na sijui nauweka wa nini.

Kule hospitali, hata hajashonwa, aliniambia, "Asiambiwe. Akijua atatoweka tena." Nikakubali. Nilikubali kwa sababu mwaka ule ulipopotea mimi ndiye niliyekuwa naenda stendi kila basi linapoingia, mpaka wapiga debe wakaanza kunionea huruma. Nikamuomba dereva anyamaze, naye amenyamaza.

Mizinga yote uliyopata tangu siku ile nimeitengeneza mimi. Ile mashine siisogelei, nakata kwa msumeno wa mkono. Kumshikia ubao miaka yote hii kumenifundisha kukata, kuranda na kupigilia. Kupima sikujua. Nilikuwa namuona anaweka vidole viwili juu ya ubao anachora mstari, basi na mimi nikaweka vyangu. Nilidhani vidole ni vidole. Pau zikaingia nyingi kwenye mzinga, nikajiona nimekuwa fundi hodari kuliko yeye. Barua yako ya hasira ndiyo iliyonizindua, na hata hapo nilishindwa kwenda kumuuliza. Unamuulizaje mtu upana wa vidole ambavyo hana tena?

Karakana hajaikanyaga. Anakaa kibarazani anatazama barabara. Ukimsemesha anajibu, usipomsemesha siku inapita. Barua yako ya utani nilimsomea. Ile ya kuuza siri sikumsomea, lakini aliikuta mwenyewe. Aliikunja vizuri akanirudishia.

Nimekuambia kwa sababu nimechoka kusoma ukimtukana. Nina hasira na wewe, hasira ambayo sikuwa nayo hata ulipopotea. Uliandika "weka msumeno bila wasiwasi". Nilikuwepo alipoisoma. Aliweka.

Lakini ukitoweka utaniua. Nijibu, hata neno moja.

Dada yako


29 Mei

Mdogo wangu,

Dereva amerudi mikono mitupu. Anasema banda lako limefungwa, na wauza mboga hawajui ulikokwenda. Nampa barua hii aipenyeze chini ya mlango.

Usifanye hivi. Ile hasira niliyoandika ipo, lakini si ya kukufukuza. Shemeji yako ameniuliza kama umeandika, nikamwambia lori limeharibika. Sasa namdanganya na yeye. Nimechoka kudanganya watu ninaowapenda.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Nipo.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nikafunga banda, nikatia nguo kwenye begi, nikaenda stendi. Sikufichi. Nilikata tiketi ya kwenda upande ambao si wa kwenu. Basi lilijaa, kondakta akafunga mlango, nikaanza kupiga kelele anishushe. Shemeji aliniandikia nikikosea tena nikosee nikiwa hapo. Sikuwa hapo, lakini angalau nisiwe mbali zaidi.

Sikupapasa, dada. Niling'oa misumari iliyoonekana, dereva ana haraka, mvua inakuja, nikaandika kwamba nimeitoa yote. Kwenye ubao mmoja wa bluu niliona doa la kutu. Nikajiambia ni rangi imechubuka.

Kutoka stendi nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, nikamweleza mizinga imeharibika kwa sababu gani na kwa sababu ya nani. Safari hii hakucheka. Binti yake ametoka hospitali, uso umerudi, lakini kwenye nyuki hasogei tena. Nilimuomba mama yake anifungulie ule mzinga wa GONGA KABLA YA KUINGIA. Alikataa, nikakaa kwenye ngazi za nyumba yake, kesho yake nikarudi, na keshokutwa nikarudi, mpaka akachoka kuniruka.

Tuliufungua pamoja. Masega yamenyooka, kila moja kwenye pau yake, unainua kama unafungua kitabu. Nyuki waliniuma shingoni na juu ya jicho. Sikukimbia. Pau ya mwisho kabisa ilikuwa bado haijajengwa sega, nikamuomba, akanipa.

Nimeifunga kwenye kitambaa, iko pamoja na barua hii. Ni upana wa vidole vyake, dada. Aliviweka juu ya ubao huu akachora mstari. Mpe. Akiutia motoni ni haki yake. Asipoutia, pimeni kwa huu, msipime tena kwa vidole vya mtu.

Yule fundi wa futi nimemwambia sihitaji kazi yake.

Mimi sijui namuandikia nini. Nimejaribu karatasi nyingi.

Mdogo wako


9 Juni

Mdogo wangu,

Nilipoona mwandiko wako nilikaa chini palepale barabarani, dereva akadhani nimeanguka.

Pau nimempa. Nikamwambia imetoka wapi, na kwamba unajua kila kitu. Kwanza alinikasirikia, akasema tulikubaliana. Kisha akaichukua kwa mkono wa kushoto, akaiweka kwenye ule wa kulia, pale vidole vilipokuwa, akakaa nayo hivyo mpaka chai yake ikapoa. Sikujua niondoke au nibaki. Nilibaki.

Baadaye akanyanyuka akaingia karakana. Mimi huyo nikamfuata mpaka mlangoni. Alikuwa anachukua pau nilizoziranda, moja moja, anailaza ile yake juu, anatikisa kichwa, anazitupa sakafuni. Zote. Akageuka akaniuliza, "Nani alikufundisha kupima?"

Nikamwambia, "Wewe."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ile. Kisha akalia, na mimi nikalia, na yule kuku akakimbia maranda yake.

Usidhani yameisha. Vifungo vya shati bado vinamshinda na hataki nimfungie, anazunguka na shati wazi kama mtu aliyetoka kupigana. Kuna wakati mashine ya jirani inanguruma na yeye anafumba macho. Lakini leo ameniamuru nianze pau zote upya, na anasimama nyuma yangu akinikosoa kila mstari. Nimemkumbuka sana huyu mtu msumbufu.

Karatasi iliyo humu ndani ameiandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Imemchukua asubuhi nzima na amenikataza kuisoma.

Dada yako


Mzee wa Vifusi,

Mkono wa kushoto ni mwanafunzi, vumilia.

Pau nimeipata. Ni yangu.

Hasira ninayo. Sijui itakwisha lini, nisikudanganye.

Mbao usitume tena. Njoo nazo mwenyewe, na koleo. Utang'oa misumari hapa karakanani, mimi nimekaa nakuangalia, na kila ubao utaupapasa mbele yangu kabla dada yako hajaukata.

Ukifika, gonga kabla ya kuingia. Kuna siku nitakuwa sitaki kukuona. Usiondoke. Gonga tena.

Fundi